Spana za Faki

Suala la leo limetoka Wete, Pemba. Barua ilikuwa ndefu, nimeifupisha:

"Assalaam aleikum Mzee. Mie ni mama wa watoto watano, umri wangu miaka 46. Mwanangu wa mwanzo, Faki, amefariki kwa homa miezi saba iliyopita, akiwa na miaka 22, hajaoa. Alikuwa fundi msaidizi Dar es Salaam kwenye gereji yenye gari ya rali, na kila mashindano akifuatana nayo. Wenzake wa timu wamenipigia simu. Wanataka kuliandika jina lake kwenye boneti, na wamesema nikitaka na mie nijiunge nao. Nimefikiri kuuza mikarafuu yangu niliyorithi kwa marehemu baba niwachangie, na nijifunze kukaa pembeni ya dereva, kiti alichokuwa akikitamani Faki. Baba yake, ambaye ni dereva wa gari ya abiria, hataki hata kusikia. Anasema nitarukwa na akili, kwa vile kila Ijumaa natoa spana za Faki kwenye sanduku, nazihesabu, nazipangusa, nazirudisha. Zilikuwa 24, ziko 23. Namba kumi haipo. Nifanye nini?"

Waaleikumu salaam, Mama Faki. Poleni sana, wewe na Baba Faki. Mola amrehemu kijana wenu na akupeni subira.

Barua yako nimeisoma mara mbili, kisha nikampa mke wangu aisome, kwa sababu miaka yangu yote nimeimalizia chini ya magari na sijui sana kusema na mtu mwenye msiba. Ya dini muulizeni shekhe wenu. Mie nitasema ninachokijua: timu ya rali inataka watu gani, na wewe una kitu gani cha kuipa.

Nianze na hiyo namba kumi, maana naona imekukaa rohoni. Haikuibiwa, na Faki hakuwa mzembe. Magari ya Kijapani yamejaa bolti za kichwa cha namba kumi, yaani milimita kumi. Betri inafungwa kwa kumi, bampa kwa kumi, vifuniko vya injini kwa kumi. Ndiyo spana inayotoka sanduku mara nyingi kuliko zote, basi ndiyo inayopotea mara nyingi kuliko zote. Nenda gereji yoyote ya Mwanakwerekwe ukaulize kama namba kumi ipo, utaona watu wanavyoangaliana. Kijana wako angekuwa na spana 24 kamili baada ya miaka miwili ya kazi, ningekwambia huyo hakuwa akifanya kazi.

Na huku kuhesabu kwako, wallahi sikuona wazimu. Nimeona kazi, na nitakwambia kwa nini.

Gari ya rali inapomaliza kipande cha njia inaingia kutengenezwa mahali tunapopaita sevisi. Ikivuka ile meza ya saa, wanapoandika muda wa kuingia na kutoka, muda umeanza. Dakika 20, dakika 30, inategemea mashindano. Mafundi wanne au watano wanaivamia: huyu magurudumu, yule shokapu, mwengine chini anakwangua matope aone kama sampu gadi, bamba linalokinga injini kwa chini, imepasuka, mwengine mafuta na maji. Gari ikichelewa kutoka, kila dakika moja ni sekunde 10 za adhabu. Ikiwahi kufika mezani kabla ya dakika yake, ndiyo vibaya zaidi, kila dakika ni dakika nzima. Kwa hiyo mtu anafunga bolti huku anapigiwa kelele, anaweka spana popote mkono ulipofika, boneti inafungwa, gari inaondoka.

Mwaka mmoja nilikuwa mie. Niliacha spana juu ya injini, pembeni ya altaneta, ile inayochaji betri. Niliiweka hapo ili nishike tochi. Gari ikaenda zake, na huko kwenye mashimo spana ikaruka ikaingia kwenye mkanda. Mkanda ukakatika, pampu ya maji ikasimama, injini ikachemka, na gari ikafia porini na kilomita chache tu kubaki. Ilivutwa kwa kamba mpaka usiku. Dereva aliposhuka hakunitukana. Alinipa spana yangu mkononi, bado ya moto, akaenda kunywa maji. Afadhali angenitukana.

Tangu siku ile nilipokuwa nasimamia mafundi niliweka mtu mmoja ambaye hashiki gari kabisa. Kazi yake ni kusimama kwenye meza ya vifaa na kuhesabu. Spana inatoka, anaiona. Spana haijarudi, boneti haifungwi. Wengi hawaipendi kazi hii, maana vijana wanataka kuonekana chini ya gari. Inataka mtu mzima, mwenye jicho, asiyeona haya kumpigia kelele fundi mkuu. Ukimpata mtu ambaye kila Ijumaa anazihesabu spana 24 bila ya kuambiwa, humwachii.

Kwa hiyo jibu langu fupi ni ndiyo, jiunge. Lakini jiunge mezani kwa vifaa, sio kwenye kiti cha pembeni ya dereva, na mikarafuu yako iache pale ilipo.

Kiti kwanza. Wewe unakiona kama kiti cha abiria chenye mikanda mingi. Anayekikalia ni msoma ramani, naye ndiye macho ya dereva kwa njia ambayo dereva hajaifikia. Siku za kukagua njia wanapita polepole, dereva anataja kila kona na ukali wake, msoma ramani anaandika. Siku ya mashindano anamsomea yale maandishi, kona moja au mbili mbele, kichwa kimeinama kwenye daftari huku gari inaruka. Watu wazima wanatapika ndani ya kofia ngumu. Juu ya hayo yeye ndiye mwenye kadi ya muda, yeye ndiye anayehesabu dakika za kuingia na kutoka. Gari ikipinduka, wakiwa wazima, wanatakiwa kushuka na kuweka pembetatu nyekundu si chini ya mita 50 nyuma, na kuwaonesha wanaokuja kibao cha kijani chenye OK. Pakiwa na mtu aliyeumia wanaonesha kile chekundu cha SOS. Leseni ya mashindano inatoka kwa AAT, chama cha magari cha Tanzania, na kuna kupimwa afya kabla yake.

Miaka 46 si tatizo, wala kuwa mwanamke si tatizo. Michèle Mouton wa Ufaransa, akiwa na msoma ramani wake Fabrizia Pons, walishinda rali ya San Remo, Italia, mwaka 1981, na mwaka 1983 Mouton alimaliza wa tatu katika Safari Rally ya Kenya, ambako wanaume wengi hata mwisho hawakuuona. Lakini kuna jambo lake jengine ambalo nataka ulisikie. Mwaka 1982 alikuwa akigombea ubingwa wa dunia, na rali ya Ivory Coast ilipokuwa inaanza akapata habari baba yake amefariki. Mama yake akamwambia akimbie, ndivyo baba alivyotaka. Akakimbia, akaongoza kwa muda mrefu. Mwishoni gari ikaanza kumsumbua, akapata ajali, na ubingwa ukaenda kwa Walter Röhrl wa Ujerumani. Sisemi aliharibu kwa sababu ya msiba, hakuna ajuaye. Nasema huyu alikuwa keshakaa ndani ya magari ya rali karibu miaka 10. Wewe una miezi saba, na miezi yenyewe ya matanga.

Ukilia barazani kwako huumizi mtu. Ukishikwa na kilio kilomita ya kumi na mbili, dereva naye anasubiri umwambie kushoto au kulia, mmekwisha wote wawili. Ukimaliza msimu mmoja mezani na bado unakitaka kiti, niandikie tena, tutasema habari ya leseni. Sikukatazi maisha.

Mikarafuu sasa. Hapa nitakuwa mkali kidogo, nisamehe. Wewe mtu wa Pemba unajua kuliko mie mkarafuu unachukua miaka mingapi tangu mche mpaka kukupa konzi ya mwanzo, na ukishaanza unazaa mpaka wajukuu wanaupanda. Tairi ya rali kwenye changarawe kali inakwisha siku moja. Unataka kubadilisha kile kwa hiki? Rali inakula pesa na haishibi: matairi, petroli, klachi, shokapu, meli, malazi ya mafundi. Nimeona matajiri wa mjini wakiuza nyumba. Kama timu imekwambia njoo, na hapo hapo ikataja mchango, waulize kwa upole wanakutaka wewe au wanataka shamba. Kwa ulivyoandika, wao hawakutaja pesa, ni wewe uliyeanza kuzifikiri. Basi wasizijue.

Lipo na la mirathi, ambalo nadhani hamkulikalia kitako. Faki hakuoa, hana mtoto, ana wazazi wawili na ndugu wanne. Kwa hesabu tuliyosomeshwa chuoni, madeni yake yakishalipwa, mama kwa hali hiyo anapata sudusi, fungu moja katika sita, na kinachobaki ni cha baba. Kadhi au shekhe wenu atakuhakikishieni. Lakini hebu tazama: spana 24, tukiihesabu na ile iliyopotea, zako ni nne. Ishirini ni za Baba Faki. Huwezi kulipeleka sanduku lile bara bila ya ridhaa ya mwenye fungu kubwa, na huyo mwenyewe anadhani unazihesabu kwa wazimu. Usimwendee kwa maneno ya rali. Mwekee sanduku mbele yake, mwambie hizi ni zako ishirini na zangu nne, tuzifanyeje? Mwanamme wa namna yake, aliyeshinda barabarani siku nzima, hajui aseme nini juu ya mtoto. Juu ya spana atasema.

Jina kwenye boneti. Najua limekufurahisha, nami sikulaumu. Vijana wameonesha mapenzi. Lakini ngoja nikuoneshe kitu ambacho wao kwa ujana wao hawakukifikiri.

Tarehe 13 Aprili 2023 dereva wa Ireland, Craig Breen, alifariki akijaribu gari huko Kroatia. Wiki iliyofuata ilikuwa rali ya huko huko. Timu yake, Hyundai, ikaingia na magari yaliyopakwa rangi za bendera ya nchi yake. Moja, ya Esapekka Lappi, ikamaliza ya tatu, watu wakalia kwa furaha. Nyengine, ya Thierry Neuville, ilikuwa inaongoza, ikagonga na uongozi ukapotea. Zile zile rangi.

Boneti ndiyo inayokula mawe. Ndiyo inayojikunja gari ikigonga mti, na ikipinduka ndiyo inayolala kwenye tope. Hata kabla hawajaitoa gari mtaroni, picha ziko kwenye simu za watu. Uko tayari siku moja, umekaa jikoni kwako Wete, mtoto wako wa nne akuoneshe simu, na jina la kaka yake liko chini juu? Na gari ikiuzwa, maana magari ya rali huuzwa, nani atalibandua? Nimewahi kuona gari imeegeshwa miaka nyuma ya gereji, boneti imeota kutu, na jina la mtu bado linasomeka. Sikupenda.

Waombe waliandike ndani. Pembeni ya kiti cha msoma ramani kuna keji, yale mabomba ya chuma yaliyoizunguka gari ili isibonyee ikipinduka. Jina dogo pale, chini ya mkono wa anayekaa kwenye kiti alichokitamani Faki, hakuna atakayelipiga picha. Au kwenye mfuniko wa sanduku la vifaa. Na wakuahidi, kwa maandishi, kwamba gari ikiuzwa au ikifa, jina linatolewa kwanza na wewe ndiye unayearifiwa.

Sasa nikusimulie baba mmoja. John Surtees, Mwingereza, ndiye mtu pekee aliyekuwa bingwa wa dunia wa pikipiki za daraja la juu na pia wa Formula One. Ubingwa wa pikipiki za daraja hilo alitwaa mara nne, wa mwanzo mwaka 1956, na wa magari mwaka 1964. Mwanawe Henry naye akawa dereva. Julai 2009, kwenye uwanja wa Brands Hatch, gurudumu lililochomoka kwenye gari ya mwengine lilimpiga Henry kichwani. Alikuwa na miaka 18. Huyu baba alikuwa na jina, alikuwa na ujuzi, timu yoyote ingempokea na ingeandika jina la Henry popote alipotaka. Alichokifanya ni kuanzisha mfuko wa Henry mwaka 2010, kuwasaidia watu walioumia ubongo. Pesa akizitafuta kwa mashindano ya vile vigari vidogo vya go-kart, watu wakiunda timu na kuchangia. Mfuko huo ukasaidia helikopta za wagonjwa kusini mwa Uingereza zianze kubeba damu, ili majeruhi aongezewe hapo hapo barabarani bila ya kungoja hospitali. Surtees mwenyewe alifariki Machi 2017, na kazi ya mfuko ilikuwa bado inaendelea.

Nimekusimulia kwa ajili ya ile damu. Helikopta hatuna habari nazo, lakini hospitali zetu zinataka damu kila siku, mama mzazi anaitaka, kijana wa bodaboda anaitaka. Siku mwaka utakapotimia, khitma mtasoma nyumbani kama kawaida. Asubuhi yake waambie wale vijana wa timu, wakivuka kuja kukupeni pole, wasije na kreti za soda tu. Waende hospitali wakatoe damu, chupa moja kila mtu. Mafundi ni watu wenye nguvu na wanakula vizuri.

Na kama pesa za mikarafuu bado zinakuwasha mkononi, chukua za mavuno ya msimu mmoja, si za shamba. Pale Vitongoji kuna kituo cha mafunzo ya amali, na vijana wa ufundi magari wapo. Wengi huanza hawana hata bisibisi. Mnunulie mmoja seti ya spana. Ni bei ndogo kuliko tairi moja ya rali, na atakuombea Faki dua kila anapofungua bolti. Sijui kwa nini watu hulitafuta jambo kubwa wakati dogo liko Vitongoji.

Mambo madogo ya safari. Tanga mnatazamana nayo ng'ambo tu, kwa hivyo rali ya mwanzo nenda ya Tanga, usianzie Iringa ambako utapata baridi na safari ya siku mbili. Buibui liache hotelini. Sisemi hivyo kwa kukosa heshima, nasema kwa sababu feni ya injini haijui heshima, nguo yoyote inayoning'inia inavutwa. Vaa koti la kazi refu la fundi juu ya suruali pana, mtandio ufunge nyuma na ncha uziingize ndani ya kola. Viatu vya kufunika, kandambili hapana. Chukua na mswala, maana sevisi ya alasiri inaangukia kwenye sala kila mara na kila mtu anasahau. Usipike. Watakuomba upike kwa kuwa ni mama, na ukikubali mara moja hutoiona tena meza ya vifaa. Waambie mama hayuko, yuko mhesabu spana.

Baba Faki naye mchukue, asiachwe nyuma. Rali haiendi bila ya wasimamizi wa njia, wanaojitolea kusimama kwenye makutano na kuzuia watu, ng'ombe na pikipiki visiingie. Ndio wanaohesabu magari: yamepita kumi na nne, limekuja la kumi na tano? Halijaja, anatoa taarifa kwa redio. Wanafundishwa kwanza, na jambo la mwanzo wanaloambiwa ni wasimame juu, pahala palipoinuka, wala si nje ya kona ambako gari ikikosa njia inakuja moja kwa moja. Dereva wa abiria wa Pemba, aliyezoea kuwafokea watu wasisimame barabarani, ataifanya kazi hiyo usingizini.

Hutokuta matanga kule, nikutahadharishe. Siku ya kwanza watakukumbatia, watakwambia habari za Faki ambazo huzijui, nyengine za kuchekesha. Siku ya pili gari ikiingia hakuna atakayekumbuka kuwa wewe ni mama wa marehemu. Watakupigia kelele: kumi na saba! Kumi na nne! Iko wapi jeki! Kwa wengine hilo ni kuumizwa. Mke wangu, aliposoma barua yako, amesema wewe hicho ndicho unachokitafuta. Mie simpingi.

Kabla ya kuondoka, tafuta ubao, zilaze spana juu yake kwa mpango, chora kila moja pembezoni kwa kalamu nene, kisha zitundike kwa misumari. Ikitoka moja, umbo lake linabaki tupu, hata kipofu wa hesabu ataona. Umbo la kumi lichore pia, kati ya tisa na kumi na moja. Spana yenyewe nimeshaifunga kwenye gazeti, na kesho inavuka na mpwa wangu mwenye duka la spea Chake. Mwambie Baba Faki akaichukue, gari yake ikipita huko.